Ngitili si ya ng'ombe tu, humfaa na mtoto

WAZAZI wengi wa Shinyanga wanaijua ngitili kama akiba ya malisho. Hufungwa mvua zinapoanza ili nyasi ziote, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza. Ni wachache wanaoiona kama mahali pa kumpeleka mtoto aliyerudi shuleni amenuna, asiyelala vizuri au asiyebanduka kwenye simu.

Mkoa huu unajua hasara ya kukosa miti. Misitu ilifyekwa ili kutokomeza mbung'o, kupata mashamba ya pamba na kuni, hadi miaka ya 1980 Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliodumu hadi 2004. Wananchi walihimizwa kurudia ngitili za mababu zao. Kutoka takriban hekta 600 za mwanzo, ngitili zilipanuka hadi kupita hekta 300,000.

Faida ya kijani hicho haiishii kwenye maziwa na kuni. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha zaidi ya watu 900,000, ulibaini kuwa waliokulia kwenye uoto kidogo zaidi walikuwa na hatari ya kupata maradhi ya akili ukubwani iliyozidi ya wenzao kwa hadi asilimia 55. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia kipato cha wazazi na historia ya ugonjwa katika familia.

Mwaka huohuo, utafiti wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kuwa waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walijisikia vizuri zaidi kuliko wasiokwenda kabisa. Iwe kwa mkupuo mmoja au kidogokidogo, matokeo yalikuwa yaleyale. Kwa siku ni kama dakika 17 tu.

Kwa familia za Geita na Kahama, kuna tahadhari. Si kila mahali pa nje panamfaa mtoto. Maduara yaliyoachwa na wachimbaji huua, na zebaki inayotumika kukamatia dhahabu hudhuru ubongo unaokua. Mtoto akae mbali na karasha na mahali pa kuchomea dhahabu. Kivuli cha mwembe uani, bustani ya shule au matembezi ya jioni shambani vinatosha.

Anayetaka kuingia kwenye ngitili aombe ruhusa kwa mwenyewe au uongozi wa kijiji. Simu ibaki nyumbani, au mfukoni mwa mzazi. Mtoto aachwe acheze, aulize majina ya miti, asikilize ndege. Mara nyingi mtoto aliyekataa kuzungumza mezani hufunguka akiwa anatembea.

Hata hivyo, miti si mbadala wa tiba. Huzuni, hofu au kukosa usingizi vikizidi wiki mbili, mtoto apelekwe kituo cha afya. Akizungumzia kujidhuru, apelekwe siku hiyohiyo.