Katuni na Malezi: Tukague Mzigo

Mwezi Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku vipindi sita vya katuni za kigeni vilivyokuwa vikionyeshwa katika televisheni ya kulipia, kwa hoja kwamba vilikuwa vikieneza mapenzi ya jinsia moja kwa watoto. Miongoni mwavyo kilikuwamo Adventure Time, kisa cha mvulana Finn na mbwa wake Jake, ajuaye kusema na kujigeuza umbo, wanaozunguka katika nchi ya maajabu wakipambana na viumbe wa kutisha.

Swali hilo halikuishia Nairobi. Mzazi wa Tabora mwenye king'amuzi au simu hukutana nalo kila jioni. Wapo wanaotaka kila katuni ya maajabu ifungwe, na wapo wanaosema huo ni mchezo wa watoto tu, usimpotezee mtu mzima wakati. Sisi tunasema pande zote mbili zimekosea, kwa kuwa zote mbili zinakwepa kazi ya kukagua.

Kwanza tuiondoe hofu isiyo na msingi. Hoja kwamba katuni hazifai kwa sababu zina wanyama wanaosema na mazimwi haina nguvu katika nchi ya Unyanyembe. Wazee wetu walilelewa kwa ngano za Sungura amdanganyaye Fisi, na za zimwi lililomeza kijiji kizima, likapasuliwa, watu wakatoka hai. Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, haikupitisha pembe na vitambaa peke yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri kwa miezi, na kila kambi ilikuwa na moto wake na masimulizi yake.

Tofauti iko kwa msimulizi. Bibi alipomwona mjukuu ameanza kutetemeka, alishusha sauti, au alimuua zimwi mapema kuliko jana. Mtoto alipouliza kwa nini Fisi aliadhibiwa, alijibiwa papo hapo. Televisheni haimtazami mtoto. Husema yale yale kwa mwenye miaka minne na mwenye miaka kumi na miwili, wala haisimami mmoja wao anapolia.

Tukikipima kipindi cha Adventure Time kwa kipimo hicho, tunaona mema na mazito. Finn hupenda kuwatetea wanyonge, na rafiki yake hamwachi. Mfalme wa Barafu, anayewateka mabinti wa kifalme, hatimaye hudhihirika kuwa ni mtu aliyepotewa na akili kwa sababu ya taji la uchawi. Hilo ni funzo la huruma ambalo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulijadili. Mtoto wa miaka minne haioni huruma hiyo. Huona utekaji na mapigo ya upanga. Ama kuhusu hoja ya Bodi ya Kenya, mapenzi baina ya wahusika wawili wa kike yalionyeshwa waziwazi katika sehemu ya mwisho, mwaka 2018. Mzazi anayo haki ya kulijua jambo hilo na kuamua, ila aamue kwa kuona, si kwa kusikia. Hata Marekani, kilikotengenezwa, kipindi hicho kiliwekewa alama ya kuwataka wazazi wawaongoze watoto. Hukumu yetu ni hii: chaweza kutazamwa na watoto wakubwa wa shule ya msingi, mtu mzima akiwa kando yao, hakimfai mtoto mdogo aliyeachwa peke yake.

Watemi wa njia ya misafara walitoza hongo, na neno hilo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita, si rushwa. Msafara ulisimama, watu wakazungumza, ndipo ukapita. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia katika vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, lakini baadaye njia ilifunguliwa tena. Wala tusisahau kwamba njia iliyoleta nguo na masimulizi ndiyo iliyopitisha watumwa. Njia ya leo ni ya mawimbi, haina pa kuweka kizuizi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilituwekea bodi ya ukaguzi, lakini hakuna bodi iwezayo kuketi sebuleni mwa kila mwananchi.

Kwa hiyo mtumishi arudipo nyumbani jioni hana budi kuketi na wanawe, atazame wanachotazama na kuwauliza wamejifunza nini. Mwalimu naye amwache mwanafunzi asimulie darasani katuni aliyoiona, kisha wenzake wampime shujaa wake kwa matendo. Na kazi za kwetu zipewe nafasi. Ubongo Kids, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, hufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichota ngano za wanyama za Afrika pamoja na mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga.

Hata hizo nazo zikaguliwe. Mzigo ni mzigo, utoke ng'ambo au utoke nyumbani, na kiti cha msimulizi kando ya mtoto kisikae kitupu.