Mwanasesere Hamfundishi Mtu Peke Yake

Mafunzo ya kuigiza yamekuwa nguzo ya vyuo vinavyoandaa wahudumu wa ambulensi. Mwanafunzi huwekewa mgonjwa wa bandia, naye hutakiwa kutenda kama yuko eneo la ajali: kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kuamua nani apakiwe kwanza. Mwanasesere mashuhuri wa kazi hiyo, Resusci Anne, alitengenezwa mwaka 1960 na Åsmund Lærdal wa Stavanger, Norway, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Tangu hapo wamekuja wanasesere wanaopumua na kusema, na bei zao zimepanda vivyo hivyo.

Wanafunzi wakiulizwa, aghalabu huyasifu mazoezi haya, kwani humo kosa haliui mtu. Ila sifa hizo zina masharti, na masharti ndiyo ya kusikilizwa. Wapo wanaoona haya kukosea mbele ya wenzao. Wengine husema mwanasesere hana ndugu wa kumlilia wala kumvuta mhudumu shati. Lalamiko zito zaidi ni la zoezi kuisha, mkufunzi akasema "vizuri", kisha akaita kundi lingine.

Uzito wa lalamiko hilo unaonekana katika kukandamiza kifua. Kifua cha mtu mzima hutakiwa kushuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono huchoka upesi, na mkandamizaji huanza kugusa juujuu huku akijiona bado ana nguvu. Ndiyo sababu hushauriwa apokezwe kila dakika 2. Mwenyewe hauoni udhaifu huo. Huonwa na aliyesimama kando, naye asiposema, mwanafunzi huondoka na kosa lake akidhani ni ujuzi.

Kwa hiyo wenye vyuo wasikimbilie kununua mtambo wa bei kabla ya kutenga muda wa mazungumzo baada ya kila zoezi. Mwanafunzi aanze yeye kueleza alichokiona na kwa nini aliamua hivyo. Mkufunzi afuate, asahihishe bila kudhihaki. Mwanasesere wa kawaida na mkufunzi makini hutosha kwa mengi. Hata wanafunzi hawadai kwamba chumba cha mazoezi kichukue nafasi ya zamu za ambulensi. Wanachotaka ni kuingia zamuni wakiwa wamekwisha kusahihishwa.