Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe: Ijaribuni Kwanza Kwenye Kivuli

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Mheshimiwa,

Kila masika yakipita, kuta zetu hubaki na michirizi ya kijani chini ya magata, nayo ikikauka huwa myeusi. Ni mwani mdogo mno, umechanganyika na kuvu. Chokaa na mawe ya matumbawe hunywa maji, na utando huo huyazuia yasikauke. Kwangua kwa ukucha: lipu inatoka nao.

Ipo rangi inayotumia mwanga kuuzuia mwani usishike, nami naomba muijaribu kabla haijaruhusiwa kupakwa ovyo. Kiini chake ni oksidi ya titani. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kwamba oksidi hiyo ikimulikwa inaweza kuyapasua maji. Ukutani, miale ya urujuanimno ya jua huifanya itumie unyevu na hewa kuzalisha chembe kali zinazoharibu seli za mwani zingali changa. Yenyewe haiishi kwa kazi hiyo. Kule Roma, kanisa la Dives in Misericordia, lililofunguliwa 2003, lilijengwa kwa saruji nyeupe yenye titani ili weupe wake udumu.

Lakini mji wetu ulijengwa kulikimbia jua. Vichochoro ni vyembamba makusudi, ili mtu apite kivulini, na humo ndimo mwani unamostawi. Kuna jambo jingine: kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri kwetu liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo masika yanapomwagika, ukuta unaotazama kusini haupati jua la kutosha, wakati ule ule unapolihitaji zaidi. Muuzaji atawaonyesha ukuta unaotazama bahari pale Mizingani, uking'aa. Msikubali kuhukumu kwa huo peke yake.

Chagueni kuta tatu: wa Mizingani, wa kusini, na wa ndani ya kichochoro. Kila mmoja ugaweni nusu kwa nusu, huku chokaa tupu, huku chokaa hiyo hiyo yenye titani. Mwani wa zamani uondolewe kwanza kwa brashi laini, kwa sababu mwanga haupenyi uchafu. Yapite masika mawili, kisha matokeo yatangazwe, hata yakiwa mabaya.

Rangi ya plastiki isiingizwe kabisa. Huufunga ukuta usipumue, na titani hii huila gundi ya rangi hiyo mpaka ikawa unga. (Rangi nyeupe za dukani pia zina titani, ila imefunikwa isifanye kazi hiyo.) Mafundi wapake kwa brashi badala ya kunyunyiza, na wavae barakoa wanapochanganya, maana shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la oksidi ya titani katika kundi la vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani vikivutwa.

Na kabla brashi haijagusa ukuta wowote kati ya hizo, gata linalovuja juu yake litengenezwe. Bila hivyo mtakuwa mnapima uvujaji, si titani.

Wasalaam,
Mkaazi wa Mji Mkongwe