Maandalizi ya Msimu wa Raga Huanzia Katika Daftari la Hesabu

Kila mwaka, wiki chache kabla ya kipenga cha kwanza cha ligi, vyombo vya habari vya Uingereza hujaa picha za wachezaji wa raga wakipanda vilima, wakinyanyua vyuma na kutokwa na jasho. Wasomaji huelezwa ni nani amesajiliwa, ni nani amepona goti, na kocha amebuni mbinu zipi. Ni habari za kupendeza. Hata hivyo, naamini kwamba habari hizo hutuonyesha nusu tu ya maandalizi. Nusu ya pili hufanyika ofisini, mbele ya daftari la hesabu, nayo ndiyo huamua iwapo timu itaufikia mwisho wa msimu au itakatika njiani.

Sisemi haya kwa kudharau kazi ya uwanjani. Raga ya kulipwa ni kazi ngumu mithili ya uchimbaji wa migodi. Kila mechi huhitaji wachezaji 23: 15 wa kuanza na 8 wa akiba. Madhali majeraha hayana hodi, klabu iliyo makini haiwezi kutegemea watu 23 peke yao. Hulazimika kuwa na kikosi kikubwa zaidi ya hapo. Wachezaji hao hupimwa afya, mbio na nguvu, kisha hurejeshwa taratibu katika hali ya kuweza kugongana. Hata kugongana kwenyewe kumewekewa mpaka: mwaka 2021 shirikisho la kimataifa, World Rugby, lilipendekeza kwamba mazoezi ya kukabiliana kwa nguvu zote yasizidi dakika 15 kwa juma, kwa nia ya kulinda vichwa vya wachezaji. Daktari, mkandaji, mpishi na mtaalamu wa takwimu wote wana nafasi zao. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Swali langu ni hili: ni nani anayemlipa muundaji?

Hebu tuitazame klabu ya Worcester Warriors. Klabu hii ya magharibi ya Uingereza iliasisiwa mwaka 1871. Kwa zaidi ya karne moja ilikuwa timu ya kawaida ya mji wa kawaida. Kisha akatokea mfadhili, Cecil Duckworth, mhandisi aliyetajirika kwa kuunda mitambo ya kupasha maji moto majumbani. Kwa fedha na mapenzi yake, uwanja wa Sixways ulikua na timu ikapanda daraja baada ya daraja hadi ikaingia Ligi Kuu mwaka 2004. Duckworth alifariki mwaka 2020, na wakati huo klabu ilikuwa mikononi mwa wamiliki wengine.

Mnamo Mei 2022 Worcester ilitwaa Kombe la Ligi Kuu. Fainali dhidi ya London Irish ilimalizika kwa sare ya 25-25 hata baada ya muda wa ziada, na kanuni za mashindano zikaipa Worcester ushindi. Wachezaji walishangilia, wakaenda mapumzikoni, wakarejea kujiandaa kwa msimu mpya. Walikimbia na kunyanyua vyuma kama wenzao wote. Lakini mwezi wa Agosti, msimu ukiwa haujaanza, mamlaka ya ushuru ilikuwa tayari imefika mahakamani kudai fedha zake. Tarehe 26 Septemba 2022 klabu ikawekwa chini ya mrasimu. Tarehe 5 Oktoba mahakama ikaifunga kampuni ndogo iliyokuwa ikiwalipa wachezaji na wafanyakazi mishahara, na mikataba yao yote ikavunjika siku hiyo hiyo. Bingwa wa kombe akawa hana timu.

Msomaji asidhani kwamba hilo lilikuwa balaa la klabu moja. Siku 12 baadaye, tarehe 17 Oktoba, klabu ya Wasps nayo ikaanguka, na watu 167 wakapoteza ajira kwa siku moja. Wasps haikuwa timu ya mzaha: ilikuwa imetwaa ubingwa wa Uingereza mara 6 na ubingwa wa Ulaya mara 2, mwaka 2004 na 2007. Ilikuwa imehamia Coventry mwishoni mwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikakopa paundi milioni 35 kutoka kwa wananchi, wakiwemo mashabiki wake, kwa kuwauzia hati za dhamana. Deni hilo lilipaswa kulipwa Mei 2022. Siku ya kulipa ilifika, fedha hazikufika.

Juni 2023 ikawa zamu ya London Irish, klabu ya tangu mwaka 1898, kusimamishwa kwa kushindwa kuthibitisha kwamba ingeweza kugharimia msimu uliokuwa unakuja. Tazama ajabu hii: timu zote mbili zilizocheza fainali ile ya Mei 2022 zilikuwa zimeporomoka kabla ya miezi 13 kutimia. Septemba mwaka huo huo Jersey Reds, waliokuwa wametwaa ubingwa wa daraja la pili miezi michache tu nyuma, wakafunga milango msimu ukiwa ndio kwanza umeanza. Ligi Kuu iliyokuwa na timu 13 ikabaki na 10.

Wapo wanaosema kwamba chanzo cha yote haya ni ugonjwa wa Korona. Ni kweli kwamba viwanja vilifungwa, viingilio vikakosekana, na serikali ya Uingereza ikazikopesha klabu mamilioni ya paundi ambayo baadaye yalidaiwa. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Maradhi yalizipata klabu zote. Zilizokufa ni baadhi tu. Korona ilikuwa upepo, na upepo huangusha mti uliokwisha kuliwa na mchwa.

Mchwa wenyewe ni wa zamani. Mnamo Agosti 1995, mjini Paris, wakuu wa mchezo huu walitangaza kwamba raga haitakuwa tena ya ridhaa; mchezaji angeruhusiwa kulipwa. Mabadiliko yale yalikuja kwa ghafla. Klabu zilizokuwa zikiendeshwa na wanachama wake, kwa michango na vinywaji vya baa, zilijikuta usiku mmoja zimekuwa waajiri. Nyingi zilikimbilia kwa matajiri. Richmond, klabu ya tangu mwaka 1861, ilipata tajiri wake mwaka 1996. Mwaka 1999 tajiri akachoka, klabu ikawekwa chini ya mrasimu, na timu yake ya kulipwa, pamoja na ile ya London Scottish, ikamezwa na London Irish. Ndiyo, London Irish ile ile iliyokuja kuanguka miaka 24 baadaye. Somo lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa tangu mwaka 1999, wanafunzi hawakulinakili.

Haikuwa kwamba hakuna sheria. Tangu mwaka 1999 Ligi Kuu imekuwa na kikomo cha mishahara, na klabu inayokivuka huadhibiwa. Mwaka 2019 mabingwa Saracens walitozwa faini ya paundi milioni 5.36 na kupokonywa pointi 35, kisha wakateremshwa daraja. Adhabu hiyo ilionyesha kwamba wakuu wa ligi wanaweza kukagua vitabu pindi wanapotaka. Lakini walikagua upande mmoja tu. Walimuuliza mwenye klabu: je, umetumia kupita kiasi? Hawakumuuliza kwa ukali ule ule: je, unacho unachokitumia, na ushuru umelipa? Klabu iliyozidisha matumizi kwa fedha ilizokuwa nazo ilikiona cha mtema kuni. Klabu iliyotumia fedha isizokuwa nazo iliachwa hadi mahakama ilipoingilia kati. Januari 2023 kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti iliyowalaumu vikali viongozi wa raga kwa kutochukua hatua wakati klabu zikizama. Naona lawama hiyo iliwastahili.

Tufike sasa katika msimu wa 2025/26, kwa sababu ndio ulionifanya nishike kalamu. Katika msimu huo daraja la pili la Uingereza lilipanuliwa likawa na timu 14. Miongoni mwazo ilikuwamo Worcester, iliyorejea baada ya miaka 3 ya ukimya, ikiwa na mmiliki mpya, na kulazimika kuunda kikosi upya tangu mchezaji wa kwanza hadi wa mwisho. Ilikuwamo pia Richmond. Ilikuwamo London Scottish vilevile. Maiti wawili wa mwaka 1999 na mmoja wa mwaka 2022 walikuwa wakijiandaa kwa msimu mmoja, katika ligi moja.

Lakini njia walizofuata kufika hapo hazifanani. Richmond ilikubali kuanza upya mwaka 2000 katika ngazi za chini, ikicheza raga ya ridhaa dhidi ya timu za mitaani. Ilipanda, ikafika daraja la pili mwaka 2016, ikateremka mwaka 2019, ikapanda tena mwaka 2025. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Worcester yenyewe ilirudishwa moja kwa moja katika daraja la pili, kwa uwezo wa mfuko wa mwekezaji.

Je, ipi ndiyo njia ya haki? Nayaelewa mawazo ya wanaoitetea Worcester. Uwanja upo, mashabiki wapo, na watoto wa eneo lile wanahitaji timu ya kuitazama na kuiga. Kuuacha uwanja wa Sixways uote nyasi ili kutimiza adhabu, ilhali waliokosea walikwisha kuondoka, ni kuwaadhibu wasio na hatia. Hoja hiyo ina uzito. Pamoja na hayo, nadhani ina upungufu mmoja mkubwa. Kilichoirejesha Worcester ni kile kile kilichoiinua mwaka 2004 na kile kile kilichoikosesha pumzi mwaka 2022, yaani nia njema ya mwenye fedha. Siwashuku wenye klabu hiyo ya leo. Ninachosema ni kwamba nia njema ya mtu si mpango wa kazi. Mtu huchoka, huugua, hufilisika, hufa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na klabu nayo ni hivyo hivyo.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi Wakenya. Raga yetu ya klabu haijafikia malipo ya Uingereza, lakini imekwisha kuonja utamu na uchungu wa mfadhili mmoja. KCB ni timu ya benki. Kabras, iliyotwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016, inabeba jina la sukari. Timu hizi zimeinua kiwango cha mchezo, nami nazipongeza. Lakini tukumbuke Januari 2018, wakati kampuni ya SportPesa ilipotangaza kusitisha ufadhili wake wa michezo nchini baada ya serikali kupandisha ushuru wa michezo ya kamari hadi asilimia 35. Kwa tangazo moja, raga, ndondi na kandanda zilijikuta zikitafuta riziki. Hakuna mchezaji aliyekuwa amekosea pasi wala kocha aliyekosea mbinu. Uamuzi ulifanyika mbali na uwanja.

Linganisha hali hiyo na Mean Machine, timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyowahi kutwaa Kombe la Kenya zaidi ya mara moja kwa wachezaji waliokuwa wanafunzi. Haikuwa na tajiri. Ilikuwa na chuo, na chuo kila mwaka hupokea vijana wapya. Timu yenye mizizi ya aina hiyo huweza kushuka, lakini si rahisi kuzikwa.

Kwa walimu, basi, nina ombi. Raga imestawi katika shule zetu, na kila muhula wapo wavulana na wasichana wanaoota kuishi kwa mchezo huu. Tusiwavunje moyo. Tuwafundishe, hata hivyo, kuusoma mkataba kama wanavyosoma swali la mtihani: ni nani atakayelipa, kutoka mfuko gani, kwa muda gani, na itakuwaje akishindwa? Somo la Biashara halina mfano bora kuliko Worcester. Wale wachezaji wa mwaka 2022 walikuwa watu wazima, wengine wenye familia na mikopo ya nyumba, na wote walikuwa wamefanya mazoezi kikamilifu. Waliokosa maandalizi ni waajiri wao.

Na kwa wanafunzi wenye vipaji nasema hivi: kimbieni, nyanyueni vyuma, jifunzeni kukaba na kupasi. Lakini msiviweke vitabu kando kwa ahadi ya klabu yoyote, hata ile iliyotwaa kombe jana. Worcester ilitwaa lake mwezi wa Mei, na Oktoba ilipofika wachezaji wake walikuwa wakitafuta kazi.

Viongozi wa raga, huko Uingereza na hapa kwetu, nao wana deni. Kabla ya msimu kuanza, kila klabu hutakiwa kuwasilisha majina ya wachezaji wake. Haitakuwa mzigo mkubwa kuitaka iwasilishe pia uthibitisho kwamba mishahara ya msimu mzima ipo na ushuru umelipwa, na kwamba asiyeweza kuthibitisha asipangiwe mechi. Mwenye klabu atanung'unika. Lakini manung'uniko ya mwezi wa Agosti ni nafuu kuliko kilio cha Oktoba.