Anayegonga Mhuri Ajue Anamshuhudia Nani

Barua ya mtu ni mali yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, na hifadhi hiyo haikomi barua inapofika dirishani posta. Anayemwidhinisha mwenzake kumpokelea barua anamkabidhi wito wa mahakama, kadi ya benki, barua ya mafao na notisi ya ardhi kabla yeye mwenyewe hajaviona. Idhini ya namna hiyo haistahili kutolewa kwa haraka, wala kuthibitishwa kwa uvivu.

Wilayani Kilosa hili si jambo la nadharia. Watanzania tumezoea sanduku la posta, si tarishi wa mlango kwa mlango, na wengi hawana sanduku lao. Hutumia S.L.P. ya shule, ya parokia, ya mwajiri au ya ofisi ya umma. Kijana wa Mikumi aliyehamia Dar es Salaam kikazi, dereva wa lori aliyekwama Tunduma, mjane anayefuatilia mirathi Kilosa mjini: wote hufika mahali wakahitaji mtu wa kuwapokelea. Na Mikumi na Kilosa mjini, ingawa zimo ndani ya wilaya moja, haziko jirani. Kwa mkazi asiye na nauli ya kuchezea, safari ya kupitia kata ya Ulaya ili tu kupata saini ya wakili ni gharama ya kweli.

Ndiyo maana njia ya mkato ina wateja. Picha ya kitambulisho inarushwa kwa WhatsApp, fomu inajazwa steshenari na mtu mwingine, saini inabandikwa kwa kompyuta, kisha karatasi inapelekwa mhuri ugongwe. Mwenye idhini hakuonekana, hakusikika, wala hakuulizwa kama ameridhia. Kuita huo uthibitisho wa mtandaoni ni kuupamba udanganyifu.

Sheria ya Sura ya 12, inayowahusu makamishna wa viapo, inamtaka kamishna aeleze kwa ukweli kiapo kimetolewa mahali gani na tarehe gani. Hati zetu huongeza maneno mazito zaidi: kwamba aliyesaini anafahamika kwa kamishna binafsi, au ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Wakili anayeweka jina lake kama kamishna chini ya maneno hayo bila kumwona mhusika ametoa ushahidi wa uongo, hata kama fomu yenyewe ni ya kuchukulia kifurushi cha viatu.

Hatupingi teknolojia. Jimbo la Virginia nchini Marekani liliruhusu uthibitisho wa hati kwa video tangu mwaka 2012. Posta ya nchi hiyo, kwa Fomu 1583, inamtaka anayetumia wakala wa kupokea barua aonyeshe vitambulisho viwili na asaini mbele ya mthibitishaji au mbele ya wakala huyo. Siku hizi anaweza kufanya hivyo kwa video ya moja kwa moja. Tuone walichobadilisha na walichokiacha. Wamebadilisha mahali pa kukutana; sharti la kukutana limebaki palepale. Virginia inataka hata kumbukumbu ya video itunzwe kwa miaka isiyopungua 5.

Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kuitambua saini ya kielektroniki. Lakini kutambua saini ni jambo moja, na kumshuhudia anayesaini ni jingine. Wakili akiwa Kilosa na mteja wake Mikumi, kila mmoja mbele ya simu yake, hati iandike kiapo kimetolewa wapi? Mwenye mamlaka ya kutunga kanuni anapaswa kulijibu swali hilo waziwazi, badala ya kuliachia kila ofisi ijitungie jibu lake. Kanuni iseme video iwe ya moja kwa moja, utambulisho uhakikiwe kwa namba ya NIDA, na kumbukumbu itunzwe kwa muda uliotajwa.

Wakati kanuni ikisubiriwa, wajibu hausubiri. Wakili asigonge mhuri kwa mtu asiyemwona, na chama chake kimwajibishe akifanya hivyo. Karani wa posta adai barua halisi ya idhini na kitambulisho cha aliyetumwa, na asainishe daftari bila kujali sura anayoizoea. Mkuu wa shule au mwajiri mwenye sanduku akumbuke kuwa barua za wengine anazipokea kama amana. Kuzirundika mezani miezi miwili ni kumnyima mtu haki yake. Mwenye steshenari afute nakala za vitambulisho kwenye kompyuta yake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, haibagui ofisi kubwa na kibanda.

Mwenye barua naye asijitoe. Idhini yake itaje barua za aina gani, zipokewe na nani, na mwisho wake ni lini. Idhini isiyo na kikomo ni mwaliko wa hasara. Anayeweza kujitegemea, ajitegemee: huduma ya Posta Kiganjani ya Shirika la Posta Tanzania inaifanya namba ya simu kuwa anwani ya mtu, na inampunguzia haja ya kukopa sanduku la jirani.

Mkazi wa Mikumi anastahili huduma ya karibu na ya gharama nafuu, na mtandao unaweza kumpatia. Lakini mhuri uliogongwa bila shahidi hauna thamani yoyote, na yeyote anayeugonga hivyo anyang'anywe.