Kuchagua Pasi ya Nywele ni Swali la Fizikia

Wako walimu wa sayansi ambao wangeona haya kuandika ubaoni maneno "pasi ya nywele". Chombo hicho huhesabiwa kuwa kitu cha saluni, na saluni huhesabiwa kuwa mahali pa mambo madogo. Dhana hiyo haina msingi. Ndani ya pasi moja ya nywele, isiyozidi sana urefu wa rula ya mwanafunzi, zimo sura kadhaa za kitabu cha fizikia cha sekondari: ukinzani wa umeme, upitishaji wa joto, na udhibiti wa halijoto; na unywele wenyewe ni somo la kemia. Tena ni chombo kinachosogezwa hadi karibu kabisa na ngozi ya kichwa kikiwa na joto linaloweza kupita mara mbili ya lile la maji yanayochemka. Mtu anayekinunua bila kukielewa hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza nywele pia.

Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, unafaa kuwa mfano. Barabara kuu iendayo Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hupita hapo vilevile. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, na Wanyamwanga huishi pande zote mbili. Katika mji wa namna hiyo bidhaa ndogo za umeme huja kwa njia nyingi, na mnunuzi anaweza kukuta juu ya meza moja pasi iliyoundwa kwa soko la China, nyingine kwa soko la Ulaya, na nyingine ya mtumba iliyoanzia Marekani. Aghalabu muuzaji anajua bei zake tu. Mnunuzi naye huangalia rangi, jina lililoandikwa ubavuni, na tarakimu kubwa iliyo kwenye boksi: 230, au 450. Tarakimu ikiwa kubwa zaidi, pasi hudhaniwa kuwa bora zaidi.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kwanza, 450 na 230 ni takriban joto lilelile, maana ya kwanza imehesabiwa kwa kipimo cha Fahrenheit na ya pili kwa sentigredi. Pili, na hili ndilo kubwa, pasi inayofaa kununuliwa si ile inayojisifu kufika juu, bali ile inayoweza kuwekwa chini na kubaki chini.

Sababu yake imo ndani ya unywele. Unywele umejengwa kwa keratini, protini ambayo minyororo yake imeshikamana kwa viungo vya aina mbalimbali. Viwili vyahusika hapa. Viko viungo vya haidrojeni, ambavyo kila kimoja ni dhaifu lakini vikiwa vingi huupa unywele umbo lake. Hivi hukatika kwa maji na kwa joto, kisha hujiunga tena unywele ukikauka na kupoa. Na viko viungo vya salfa, vilivyo imara zaidi. Pasi hufanya kazi na viungo vya kwanza tu: joto huviachia, mabamba hunyoosha unywele, navyo hujiunga upya unywele ukiwa umenyooka. Kwa hiyo msichana wa Tunduma aliyenyoosha nywele Jumamosi akanyeshewa Jumapili, katika mvua zile za Novemba hadi Aprili, hukuta nywele zake zimerudia mkunjo wa asili. Hakuna dawa iliyoharibika wala fundi aliyedanganya. Maji yamevifungua viungo vya haidrojeni. Dawa kali za kulainisha, kama zile zenye sodiamu haidroksaidi, ni jambo jingine, kwa kuwa hizo huvunja viungo vya salfa, na mkunjo haurudi mpaka nywele mpya ziote.

Ikiwa kazi ya pasi ni kuachia viungo vilivyo dhaifu, joto kali mno halina kazi. Muundo wa keratini katika unywele mkavu huanza kubomoka kabisa karibu na nyuzi 230 za sentigredi, na madhara madogo madogo huanza chini ya hapo. Wataalamu wengi wa nywele hushauri kutopita nyuzi 180 hivi kwa nywele za kawaida, na chini zaidi kwa nywele nyembamba au zilizokwisha kutiwa dawa. Basi boksi linaloitangaza 230 kuwa sifa linatangaza, kwa hakika, kiwango ambacho nywele zenyewe husalimu amri.

Unywele ukiwa na maji hali huwa mbaya zaidi. Keratini iliyolowa hubomoka kwa joto la chini sana kuliko iliyo kavu, na maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke ghafla yakitafuta pa kutokea. Tangu mwaka 1986 maandishi ya madaktari wa ngozi yameeleza nywele zenye viputo ndani yake, mithili ya mkate ulioumuka, ambazo hukatika kwa kuguswa tu. Katika nyanda za Mbozi, zilizo juu kuliko pwani, maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Mlio ule wa kuungua na moshi mweupe unaopanda, ambao wengine huusifu kuwa dalili ya pasi kali, ni sauti ya uharibifu. Nywele zikaushwe kwanza, zikauke kweli.

Yafaa hapa kulitendea haki chanuo la chuma, mzazi wa pasi ya umeme, lililokuwa likipashwa moto juu ya jiko la makaa. Mwaka 1968 madaktari watatu wa Marekani waliandika juu ya upara wa utosini kwa wanawake weusi na kulitwisha chanuo la moto lawama zote. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa hata wanawake wasiotumia chanuo hilo waliupata ugonjwa huo, na hivyo chanuo halikuwa chanzo pekee. Lakini chanuo lilikuwa na kasoro moja isiyokanushika: halikuwa na kipimo. Fundi alilijaribu kwa kitambaa au karatasi nyeupe. Ikigeuka hudhurungi, alisubiri. Pasi ya umeme isiyo na kipimo ni chanuo lilelile lililoongezewa waya.

Namna za kudhibiti joto ni chache. Pasi nyingi za bei ndogo hutumia kipande cha kauri maalumu ambacho ukinzani wake hupanda ghafla kinapofikia halijoto fulani, mkondo ukapungua wenyewe. Ni ubunifu wa kupendeza, na ni salama kwa kiasi chake, ila halijoto hiyo imeamuliwa kiwandani. Mwenye kuitumia hana uchaguzi, na iwapo kiwanda kimechagua nyuzi 220, ndizo hizo. Nyingine zina ukanda wa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, ukanda ukapinda na kukata mkondo, kama ilivyo katika pasi nyingi za nguo. Hizo hupanda na kushuka kwa nyuzi nyingi kabla ya kutulia. Zilizo bora zina kihisio cha joto karibu na bamba na kitufe au gurudumu lenye tarakimu, likianzia nyuzi 120 au 150. Taa moja nyekundu yenye maana ya "imewaka" si kipimo cha joto, hata ikiwaka vizuri namna gani.

Baada ya kipimo huja bamba, na hapa maneno ya biashara hustawi kupita kiasi. Muuzaji atasema titani hupitisha joto kuliko metali nyingine. Majedwali ya fizikia yanasema kinyume: alumini hupitisha joto takriban mara kumi zaidi ya titani, na hata chuma huizidi titani. Mwanafunzi wa Mbozi aliyewahi kugusa kimondo cha Mbozi asubuhi ya baridi anaijua kanuni hii kwa kiganja chake. Kimondo hicho cha chuma na nikeli huhisika baridi kuliko gogo la mti lililolala karibu, ingawa vyote viwili vimelala usiku kucha katika hewa moja. Chuma huondoa joto la mkono haraka, mti haufanyi hivyo. Pasi nyingi ziitwazo za titani au za kauri ni za alumini iliyopakwa utando mwembamba. Hilo si dhambi, mradi utando uwe laini na usioonyesha mikwaruzo, maana ukibanduka nywele hunasa, na sehemu moja ya bamba huwa na joto kuliko nyingine. Mabamba yafungwe mbele ya taa: mwanga ukipenya katikati, hayakutani, na fundi atalazimika kupitisha pasi mara tano pale ambapo mara mbili zingetosha.

Kisha umeme. Tanzania hutumia volti 230, Zambia vivyo hivyo, China 220, lakini Marekani 120. Chukua pasi ya waya wa kawaida wa kupasha joto, isiyo na kipande cha kauri kilichotajwa, iliyoandikwa volti 120 na wati 40. Ukinzani wake ni 120 mara 120 kugawanya kwa 40, yaani omu 360. Ichomekwe Tunduma kwenye volti 230, nguvu itakuwa 230 mara 230 kugawanya kwa 360, yaani wati 147 hivi. Volti zimekaribia kuzidishwa kwa mbili, nguvu imekaribia kuzidishwa kwa nne. Pasi hiyo yaweza kuungua ndani ya dakika chache, na huenda ikaungua ikiwa mkononi mwa mtu. Maandishi madogo karibu na mpini, ambayo hakuna asomaye, ndiyo yenye thamani kuliko jina kubwa la ubavuni. Yakisomeka 110–240, hofu hiyo haipo. Yakiwa hayapo kabisa, pasi iachwe mezani.

Juu ya plagi maneno machache yatosha. Ile ya pini tatu nene ina fyuzi ndani yake, na kwa chombo kidogo kama hiki fyuzi ya ampea 3 inafaa kuliko ya 13. Tabia ya kuingiza pini mbili nyembamba katika soketi kwa msaada wa kijiti au kalamu ni ya hatari, na kwa bahati mbaya hata mabweni ya shule yanaijua. Alama ya mraba ndani ya mraba humaanisha kuwa chombo kina kinga mbili na hakihitaji waya wa ardhini. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, nayo itafutwe.

Wapo watakaosema kuwa jambo la maana ni kuacha kunyoosha nywele, si kuchagua pasi. Hoja hiyo ina historia yake nchini. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 ikapiga vita nguo fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Ni kweli kabisa kwamba nywele za Mwafrika hazina upungufu unaohitaji kurekebishwa kwa moto, na mwalimu anayewaambia wasichana hivyo asema vema. Lakini marufuku haijapata kumfundisha mtu kusoma kipimo. Shule nyingi za serikali huwataka wanafunzi wakate nywele, na hapo tatizo huonekana kana kwamba halipo. Kumbe msichana amalizaye kidato cha nne leo huenda mwakani akawa fundi wa saluni, akishika pasi kutwa juu ya vichwa vya watu, na nywele za mteja mmoja zikikatika, wateja wengine kumi hawarudi.

Fundi huyo ana hatari yake mwenyewe. Baadhi ya dawa za kunyoosha zipakwazo kabla ya pasi hutoa gesi ya fomaldehaidi zinapopashwa joto. Ndiyo gesi inayoyeyushwa katika maji kupata formalini, ile ya kuhifadhia vielelezo katika maabara ya biolojia, na mwaka 2004 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani aliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu inapofanya watu wafunge milango na madirisha, gesi hiyo haina pa kwenda. Macho yakiwasha na koo likikereketa, dirisha lifunguliwe, hata kama wateja wananung'unika.

Umefika wakati maabara za sekondari za Songwe ziingize pasi ya nywele katika mazoezi yao, na gharama yake ni ndogo. Sukari ya kawaida huanza kuyeyuka na kugeuka rangi karibu na nyuzi 185, ingawa kiwango hicho hushuka kidogo ikipashwa polepole. Punje chache zikifungwa ndani ya karatasi ya alumini na kubanwa kati ya mabamba kwa dakika moja, pasi ikiwa imewekwa 150, zitoke nyeupe na kavu. Zikitoka zimeyeyuka na kuwa hudhurungi, tarakimu ya kitufe imesema uongo. Zoezi lirudiwe kwenye ncha ya bamba na kwenye shina lake, kisha mara tatu kwa vipindi vya dakika kumi, ili ionekane kama joto linatulia au linapanda. Karatasi ishikwe kwa koleo, si kwa vidole, na mwalimu awepo. Wanafunzi wakiandika matokeo ya pasi tano au sita zilizoazimwa kutoka saluni za jirani, na bei ya kila moja kando yake, watakuwa na jedwali ambalo hakuna muuzaji mpakani aliye nalo, na mwenye saluni aliyeazimisha pasi yake ana haki ya kupewa nakala.