Kubadilishana au Kuhamisha?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lugha yetu haishindwi na kompyuta. Kazi iliyobaki ni kuchagua maneno yanayofundisha.

Kumbukumbu ya kompyuta ikikaribia kujaa, kiini cha mfumo endeshi huzichukua kurasa zisizotumika kwa wakati huo, kikazilaza diskini, kisha kikazirejesha zinapohitajika. Mfasiri wa sisisi atakiita kitendo hiki "kubadilishana". Lakini mkulima wa hapa Misunkumilo atoapo magunia ya mahindi chumbani na kuyapeleka ghalani, habadilishani na mtu, anahamisha.

Tofauti hiyo si pambo. Kiini kikizimika ghafla, fundi aliyeelewa "kuhamisha" huuliza: mzigo umeharibikia wapi, chumbani, ghalani au njiani? Husoma kwanza daftari la matukio, akaipima diski, akaipima na kumbukumbu yenyewe. Huweza pia kuuzima uhamishaji kwa muda, aone kama hitilafu itatoweka. Aliyefundishwa "kubadilishana" humsaka mshirika asiyekuwapo, na kazi ya watu ikapotea.

Washairi, ninyi mnaohesabu mizani na kukataa kina kibovu, msiwaachie mafundi peke yao istilahi. Mimi napendekeza "uhamishaji kurasa". Mwenye neno bora na alilete, ila kwanza alipime kwa kazi, ndipo alipime kwa sikio.